Mahujaji Elfu Arobaini, Wazima Wote

Ipo nchi moja, na ukiuliza ipo wapi utaambiwa ulete barua ya utambulisho, kwa hiyo tusiulize. Jina lake nalijua ila silitaji. Si kwa woga, jamani. Ni kwa kuijali afya yangu tu.

Nchi hiyo ina mlima unaoitwa Radhi, na mara moja kwa mwaka watu wake, wa kila dini na wa kila chama, huupanda kwa siku tatu kwenda kuombana msamaha. Usicheke. Ni desturi ya mababu, tena desturi nzuri. Kabla hajafunga safari, haji huzunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba akisema "niwieni radhi", na mtaa humjibu "tumekuwia", hata yule aliyeibiwa kuku. Huko kileleni huombana upya, kwa sauti, mbele ya wote. Atakayekataa kumwia mwenzake radhi, hija yake huharibika papo hapo kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Tena haji halalamiki. Akilalamika, hata kwa mwiba wa mguuni, arudi nyumbani akaanze upya mwakani.

Serikali ilipoitazama desturi hiyo, ikaipenda kufa. Hebu fikiri mwenyewe: raia elfu arobaini wasiolalamika, na wanaosamehe kila kitu. Serikali gani ingeacha mali kama hiyo izagae mlimani bila wizara? Ikaundwa Wizara ya Afya na Radhi, kwa hoja kwamba mambo hayo mawili ni ndugu: ukikosa la kwanza, utaombwa la pili.

Bunge nalo likapitisha Sheria ya Radhi, yenye vifungu mia moja na kumi. Vinavyotuhusu ni viwili tu. Kifungu cha tisa kinasema kosa lililowiwa radhi halikutokea. Kifungu cha kumi kinasema ikiwa aliyekosewa amekataa kutoa radhi, faili litabaki wazi, na Wizara itatengeneza kilichoharibika ndani ya saa sita. Hicho cha kumi kiliwekwa kuwafurahisha wafadhili. Hakikuwahi kutumika hata siku moja, maana nani apande mlima siku tatu ili akaiharibu hija yake mwenyewe?

*

Sasa tuje kwa Ngwali Faki, tabibu msaidizi wa Kituo cha Vyeti. Ngwali hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo liandikwe mahali, maana mwenyewe siku hizi halisemi tena.

Kazi yake ilikuwa kuwapima mahujaji na kuwapa Cheti cha Uzima. Bila cheti hupandi mlima. Fomu ilikuwa na maswali ishirini, lakini la kumi na nne ndilo lililokuwa mama yao: Je, una maradhi yoyote? Ndiyo, Hapana. Mwaka huo ukaja waraka kutoka juu, umeandikwa kwa wino wa dhahabu, kwamba kituo kitakachopata mahujaji wazima kwa asilimia mia moja kitapewa Nishani ya Uzima, na tabibu wake atapelekwa mlimani kuongoza zahanati ya kambi. Kulikuwa na nukta chini ya waraka, na chini ya nukta maneno madogo: Tunawaamini.

Ngwali akapima watu mia sita na kumi na moja. Wote wazima. Wengine walikuwa wazima kweli, wengine walikuwa wazima kwa kujikaza. Mtu wa mia sita na kumi na mbili alikuwa Bi Kazija, mama mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea na kikapu cha ukindu begani.

"Una maradhi yoyote, mama?"

"Nina sukari, mwanangu. Mwaka wa kumi na tisa huu. Najidunga sindano asubuhi na jioni." Akafungua kikapu, akatoa kijungu cha udongo kilichofungwa kitambaa kibichi. "Dawa yenyewe hii hapa. Friji sina, lakini udongo hautaki umeme. Ukilowesha kitambaa, chupa zinakaa baridi siku nzima."

Kalamu ya Ngwali ikasimama hewani. Akaitazama Ndiyo. Akaitazama Hapana. Nyuma ya Bi Kazija foleni ilifika barabarani, na nyuma ya foleni, akilini mwake, palikuwa na nishani inang'aa. Akajisemea: mama anatembea vizuri, anaongea vizuri, dawa anayo mwenyewe kwenye chungu chake, sasa neno moja litamdhuru nini? Akaandika Hapana. Akatia saini yake yenye mkia mrefu, akagonga muhuri.

Bi Kazija hakuondoka. Alikuwa anatimiza desturi.

"Kabla sijaenda, niwie radhi, mwanangu. Nimekusengenya hapo kwenye foleni. Nimewaambia wenzangu huyu tabibu ana uso wa mtu aliyemeza kijiko."

"Nimekuwia, mama."

"Na wewe je? Kama umenikosea lolote sema sasa, tuachane weupe."

Watu waliokuwa karibu wakamtazama Ngwali. Muhuri ulikuwa bado unakauka.

"Sina, mama," akasema. "Nenda salama."

*

Siku ya ufunguzi, chini ya Mlima Radhi, alihutubia Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Sururu bin Shani. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alipewa na chuo alichokifungua yeye, siku ile ile aliyokifungua.

"Ndugu mahujaji," alisema, "nasimama mbele yenu nikiwa na takwimu. Mko elfu arobaini. Wazima mko elfu arobaini. Katika historia ya dunia hakujawahi kuwa na mkusanyiko wa watu usio na hata mafua. Hata mbinguni, wataalamu wetu wanatuambia, kuna waliofika kwa sababu ya ugonjwa."

Makofi. Ngwali alikuwa mstari wa mbele na nishani yake kifuani, na alipiga makofi pia, kwa sababu mikono ilikuwa ya serikali.

"Sasa," Waziri akaendelea, "askari wetu wa getini wamekuta mizigoni vitu vya kusikitisha. Vidonge. Sindano. Dawa za kuvuta za pumu. Miwani. Wamevilinganisha na vyeti, na vyeti vimesema hapana. Nawauliza kwa upendo: mtu mzima anabeba dawa ya nini? Mtu mzima anayebeba dawa ni mtu anayemshuku Mungu. Na anayemshuku Mungu, kesho atamshuku Waziri."

Hapo ndipo likafunuliwa turubai, na Ngwali akauona mlima wa pili, mlima wa dawa, umefika kiunoni. Ratiba iliandikwa: Uchomaji wa Mashaka, dakika kumi. Waziri akatia kiberiti kwa heshima zote, bendi ikapiga. Vidonge vikapukutika, miwani ikajikunja, na katikati ya moto, juu kidogo, kulikuwa na kijungu cha udongo. Kitambaa chake kilifuka mvuke kwanza, kwa kuwa kilikuwa bado kibichi. Kuna mtu alikilowesha asubuhi ile. Kisha kijungu kikapasuka kwa sauti ndogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaona haya.

Ngwali akashika nishani yake ili isitikisike. Vijungu vya udongo, alijiambia, viko vingi nchini.

Mchana wote hakula.

*

Zahanati ya kambi, iliyosogezwa juu kila siku kuwafuata mahujaji, ilikuwa hema jeupe zuri sana, lenye picha tatu za Waziri na kitanda kimoja. Dawa zilizotengwa zilifuata takwimu: wagonjwa sifuri, dawa sifuri, isipokuwa vidonge vya kutuliza maumivu, kwa ajili ya wageni rasmi. Nesi alikuwa Chausiku, mwanamke mnene wa mikono ya haraka, aliyefanya kazi mlimani miaka minane na kuelewa kila kitu.

"Dokta," alimwambia Ngwali siku ya kwanza, akilivuta neno hilo kama mpira, "hapa hawalalamiki. Ukimuuliza mtu anaumwa wapi, unamharibia hija. Muulize anashukuru wapi."

Akaingia mzee anachechemea.

"Unashukuru wapi, baba?" aliuliza Chausiku.

"Namshukuru Mungu kwa mguu huu wa kulia."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nikikanyaga nashukuru mpaka machozi."

"Huyo kateguka," Chausiku akamwambia Ngwali. "Lete bendeji. Anayefuata?"

Aliyefuata alikuwa ameshukuru mara tisa tangu alfajiri, na bado alikuwa anakitazama choo kwa shukrani. Mwingine alishukuru kifuani kila akipanda, akakohoa shukrani nzito ya kijani. Daftari la zahanati lilikuwa na safu mbili: Walioshukuru, iliyojaa mpaka pembeni, na Wagonjwa, ambayo sifuri yake ilikwishapigwa chapa kiwandani ili kuwapunguzia matabibu kazi.

Ngwali alifanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Alifunga bendeji ambazo zilishafungwa. Kila mwanamke mwembamba aliyepita mlangoni, yeye aliinama kutafuta kitu chini ya meza.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mahujaji wawili wakamleta Bi Kazija wakimkokota kwa makwapa.

Midomo yake ilikuwa imekauka kama ganda la kitunguu. Alipumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Chausiku aliivuta harufu hiyo mara moja tu, akatazama kitanda.

"Unashukuru wapi, mama?"

"Nashukuru kwa kiu, binti yangu. Sijawahi kuwa na kiu yenye baraka namna hii. Nakunywa ndoo, nakojoa ndoo." Akageuza macho taratibu, akamwona Ngwali. "Ah, kumbe ni wewe, mwanangu. Naona kijiko bado hakijashuka."

Ngwali akaanza kukunja bendeji iliyokwishakunjwa.

"Dawa yako iko wapi, mama?" Chausiku aliuliza.

"Waliichukua getini. Silalamiki, nasimulia tu. Wale askari walisema cheti kimeandikwa mzima. Nikawaambia someni vizuri, wanangu, yule tabibu nilimweleza kwa kinywa changu mwenyewe, mtu mstaarabu, hawezi kuandika kitu kingine. Wakarudia kwamba imeandikwa hapana. Nikaona maskini hawa hawakusoma shule. Nikawawia radhi, nikapanda."

Chausiku akakichukua kile cheti kwenye kikapu. Akakisoma. Akaitazama saini yenye mkia mrefu, kisha akalitazama daftari la zahanati, ambamo saini ile ile ilikuwa imejipanga kutoka juu hadi chini. Alivuta sanduku lake la nguo kutoka uvunguni, akatoa chupa mbili za maji ya dripu alizokuwa amezificha chini ya kanga, akaanza kutafuta mshipa.

"Hizi zitamsogeza," alisema hatimaye, bila kumwangalia. "Hazitamfikisha. Anataka insulini, na insulini iko hospitali ya wilaya. Gari likienda na kurudi ni saa nne. Sasa wewe simama hapo unitazame, au nenda ukatafute gari."

*

Magari ya wagonjwa yalikuwepo, tena matano, mapya, yamepandishwa kwa njia ya nyuma na kupangwa mbele ya hema la Waziri kwa ajili ya picha. Ndani yake mlikuwa na viti vya wageni. Dereva wa kwanza alimweleza Ngwali kwa upole kwamba gari la wagonjwa huendeshwa palipo na mgonjwa, na kwamba yeye kama dereva hawezi kumtengeneza mgonjwa ambaye takwimu hazina.

Ngwali akaingia kwa Waziri.

"Mheshimiwa, kuna mgonjwa."

Waziri alikuwa anakula zabibu. "Kijana, angalia kauli zako. Mahujaji elfu arobaini ni wazima. Ukisema mmoja anaumwa umewatukana elfu thelathini na tisa mia tisa tisini na tisa."

"Mheshimiwa, anaumwa kweli. Atakufa."

"Cheti chake kinasemaje?"

"Kinasema mzima."

"Basi atakufa mzima. Hilo halina aibu kwa yeyote."

"Cheti ni cha uongo, Mheshimiwa. Nimekiandika mimi."

Waziri akaweka zabibu chini. Kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mlango, kisha ukachangamka. "Ah," akasema. "Ni kosa. Mbona hukusema mapema? Makosa tunayo namna ya kuyashughulikia. Saa kumi ni Saa ya Radhi. Utasimama kileleni, utasema yote kwenye kipaza sauti. Taifa likusikie."

Ngwali akatoka pale akiwa na matumaini, jambo linaloonyesha kwamba hata mtu aliyesoma anaweza kuwa na matumaini. Aliwaza: watu elfu arobaini wakisikia, watapiga kelele, watayasukuma yale magari kwa mikono yao ikibidi.

Saa kumi akapanda jukwaani. Alieleza kila kitu. Alitaja swali la kumi na nne, nishani, kijungu, kitambaa kibichi. Alisema, "Mama huyo amelala hemani sasa hivi na anakufa kwa mkono wangu. Niwieni radhi, na mumsaidie." Sauti yake ilikatika kwenye neno la mwisho, na kipaza sauti, ambacho kilikuwa kizuri, kiliwafikishia wote hata mkatiko huo.

Kisha watu elfu arobaini, wengi wao wakilia, wakajibu kwa pamoja, "Tumekuwia radhi!"

Mlima ukatetemeka. Watu wakakumbatiana. Mzee aliyeteguka mguu akamrushia Ngwali busu. Waziri akamkumbatia mbele ya kamera, akamlowesha bega kwa machozi ya kweli kabisa, na karani wa radhi akalifungua daftari kubwa, akaandika jina la Ngwali, akagonga muhuri mwekundu: HALIKUTOKEA.

"Gari sasa, Mheshimiwa," Ngwali akanong'ona.

"Gari la nini?" Waziri akanong'ona naye, akiendelea kutabasamu. "Halikutokea. Kifungu cha tisa. Ningepeleka gari kwa jambo ambalo halikutokea, ningekuwa ninavunja sheria. Nenda kapumzike, kijana. Wewe ndiye mtu aliyesamehewa kuliko wote nchini."

Naye alijiona hivyo hivyo, na ilimwasha mwili mzima, kama shati la mtu mwingine.

Karani alikuwa anafuta miwani yake, ambayo yeye aliruhusiwa. Ngwali akainama kwake. "Mama mwenyewe hajajibu. Yuko hemani."

"Kimya ni radhi," karani akasema. "Asipotamka kinyume hadi saa kumi na mbili, nafunga ukurasa."

"Na akitamka?"

Karani akatazama huku na huku kama aliyeulizwa habari za uchawi. "Kumi," alisema. "Kifungu cha kumi. Lakini haijawahi, ndugu yangu. Hata wino wake sijui uko wapi."

*

Hemani chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ngwali akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nina jambo."

"Sema kwa ufupi. Nakuona wawili, na sijui nimjibu yupi."

"Askari walikuwa wanajua kusoma. Niliandika Hapana. Ulivyoniambia sukari nilisikia vizuri. Niliandika Hapana kwa sababu ya hii." Akaigusa nishani, akaona aibu kuigusa, akaivua, akakosa pa kuiweka.

Bi Kazija akaitazama ile nishani mkononi mwake.

"Kwa hiyo wale watoto walikuwa wamesoma," akasema. "Nami nikawadharau bure. Na nilipokuuliza una lolote?"

"Nilisema sina."

"Ulisema sina," akarudia, polepole, kama mtu anayeionja chumvi.

"Mama, usiniwie radhi."

"Wewe una wazimu? Watu wanapanda siku tatu kuitafuta, wewe unaikimbia?"

Akamweleza vifungu, cha tisa na cha kumi. Akamweleza magari, viti, saa sita. Akamwambia kwamba akisema neno moja mbele ya karani kabla ya saa kumi na mbili, dawa italetwa.

"Na hija yangu?"

"Itaharibika, mama."

Bi Kazija akageuza uso, akatazama turubai. "Unajua nimekuja kuomba nini? Mume wangu alikufa tukiwa hatusemezani. Tuligombana juu ya paa, yeye anataka bati, mimi makuti. Siku arobaini kila mmoja anapika chake. Ya arobaini na moja akafa, paa linavuja mpaka leo. Radhi ya maiti huombwa kileleni tu, na hapa nilipo kilele nakiona kwenye tundu la hema. Hatua mia mbili. Na wewe unataka nikiuze."

"Utarudi mwakani."

"Kwa miguu ipi? Na mtu gani ananiambia? Usoni hukuwa na alama yoyote siku ile, mwanangu. Huo ndio uso uliosema sina." Akamtafuta Chausiku kwa macho. "Binti, nieleze wewe. Huyu nimeshamjua. Nisipochomwa sindano leo?"

Chausiku alikuwa anapiga piga chupa ya pili kwa kidole. "Kesho asubuhi hufiki, mama."

"Hakuna kuzunguka?"

"Hakuna."

Bi Kazija akafumba macho. Ngwali alidhani amelala, kisha akaona midomo inakwenda. Alikuwa anaongea na mtu, na yule mtu hakuwa mmoja wao. Alipomaliza akasema, "Mwiteni karani."

Karani akaja saa kumi na moja na robo, daftari kichwani. Akasoma kwa sauti ya ibada, "Bi Kazija binti Mzale, haji namba elfu thelathini na moja na sita. Je, umemwia radhi Ngwali Faki?"

"Sijamwia."

"Samahani, mama, sijasikia vizuri."

"Umesikia."

Karani akatafuta safu ya jibu hilo. Haikuwepo. Ikabidi aichore mwenyewe kwa rula, na mstari ukapinda.

*

Sitaki kusema uongo: Wizara ilihangaika. Habari zikapanda mlima na kushuka kwamba kuna faili wazi. Makatibu wakakimbia wakigongana, wakitafuta rangi ya faili wazi, maana lililofungwa ni jekundu na lingine halijawahi kununuliwa. Waziri akaja mwenyewe hemani, akavua kofia.

"Mama," akasema, "nchi nzima inakuomba umwie radhi kijana wetu."

"Nchi nzima haikuniandikia cheti," Bi Kazija akajibu, na kwa hali aliyokuwa nayo yalikuwa maneno mengi.

Viti vikateremshwa. Magari yote matano yakaondoka kwa king'ora, kwa kuwa kifungu hakikutaja idadi na hakuna aliyetaka lawama. Yakarudi baada ya saa tatu na nusu, manne matupu na moja lina chupa sita ndogo kwenye barafu. Chausiku alipima, akachoma, akakaa chini sakafuni kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Asubuhi Bi Kazija alikuwa anaona Ngwali mmoja tu, na alionekana kutofurahishwa hata na huyo mmoja. Kipaza sauti kikatangaza kwamba hija ya haji namba elfu thelathini na moja na sita imeharibika. Wakamlaza ndani ya gari, likateremka kwa njia ya nyuma. Dirisha dogo la mlango lilikitazama kilele, naye alikitazama mpaka mti wa kwanza ulipokiziba.

Ngwali alisubiri adhabu. Aliisubiri kwa hamu, jamani, kama wengine wanavyosubiri mshahara. Haikuja. Faili likiwa wazi, mtuhumiwa haadhibiwi, kwa kuwa shauri linaendelea. Nishani akarudisha, wakamrudishia kwa posta: asilimia mia moja, waliandika, kwa kukadiria.

Ila wanasheria wa Wizara waligundua jambo. Kilichoharibika kilikuwa dawa ya mtu mwenye sukari, na sukari haiponi. Basi kutengeneza hakuishi. Maadamu Bi Kazija hajatoa radhi, Wizara inalazimika kumpelekea dawa kila mwezi. Siku atakapotoa, kosa halikutokea, na dawa inakoma. Ikatungwa fomu yenye swali moja, na kazi ya kuipeleka pamoja na chupa akapewa Ngwali, kwa sababu yeye ndiye mhusika.

Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi huenda nyumbani kwa Bi Kazija na barafu kwenye kopo. Hupokelewa vizuri. Hukaribishwa kiti, huwekewa chai, huulizwa habari za mama yake. Huketi mbali na lile beseni linalopokea matone ya paa. Mara ya kwanza aliomba apande aliezeke, akaambiwa paa hilo lina wenyewe.

Mwezi wa saba alimkabidhi fomu kama kawaida. Bi Kazija akaisoma kwa miwani mpya: Je, bado hujamwia radhi mhusika? Akaandika Bado, kwa herufi za duara, akatia saini.

Ngwali akaikunja, akaikunjua tena.

"Mama," akasema, "hii ni ya Wizara, na lazima ujibu hivyo ili dawa ije. Naelewa. Mimi nauliza ile ya moyoni. Ya moyoni ikoje?"

Bi Kazija alikuwa anajichoma sindano tumboni. Akamaliza, akairudishia kifuniko, akashusha gauni.

"Ngwali, mwanangu," akasema, bila ukali wowote, "mimi kwenye karatasi huwa naandika kilichopo."

Kisha akamsogezea kikombe. Ngwali akanywa chai yote, kwa kuwa alikuwa amekaribishwa.